Nilihesabu mantra za Shani kwa rozari ya mama, baba akanikuta

Wakuu, habari za jioni. Hili sijamwambia hata mke wangu. Sitii chumvi, na wa kucheka acheke tu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nauza kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja pale Moshi mjini. Nimepanga mtaa wa Soweto pale pale mjini, nyumbani kwetu Kilema, Wakatoliki damu damu.

Kahawa ilikuwa imeshuka bei vibaya. Baba alipokwenda Arusha kumsalimia dada yangu, mimi na ujuaji wangu nikakata mibuni yake, nikapanda nyanya. Ile mibuni aliipanda na marehemu babu.

Aliporudi hakunipiga wala kunitukana. Alinyamaza. Miaka mitatu, wakuu! Namwambia "shikamoo baba", anageuka kuangalia migomba.

Mama alinisihi nimpelekee baba jani la isale, niombe radhi. Wachagga wenzangu mnajua, ukipelekewa isale hukatai kusamehe. Nilikuwa na kiburi, nikagoma. (Nyanya zenyewe zilinyauka zote, tuachane na hayo.)

Dukani alikuwepo mama yake bosi, bibi mzee tuliyemwita Ba kama wajukuu zake. Aliniona nimekonda kwa stress, akauliza nilizaliwa lini na saa ngapi. Saa naijua, mama husema kengele ya misheni ya adhuhuri ilikuwa inalia. Ba akachorachora kwenye karatasi, akatikisa kichwa.

"Shani amekukalia," akasema. "Ni mkali, lakini ana haki."

Shani ndiyo sayari ya Zohali, kwao ni mungu kabisa. Dawa yake, kila Jumamosi jua likizama nimtaje kwa mantra, yale maneno yao ya sala, mara 108, nikihesabu kwa shanga.

Om Sham Shanaishcharaya Namah. Niliikariri wiki nzima.

Shanga nitoe wapi sasa? Nikaazima rozari ya mama. Ajabu ni kwamba ukiacha ule mkia wenye msalaba, duara lina punje 54. Zunguka mara mbili, 108 kamili! Nilirudia kuhesabu mara tatu, nikazidi kuchanganyikiwa.

Jumamosi ya nne nipo nyumbani Kilema kati ya migomba nanong'ona, nimefumba macho. Nikasikia mtu anapiga magoti pembeni yangu. Baba!

"Endelea, mwanangu," akasema. "Kumbe unaiomba radhi yangu kwa Mama Maria, na mimi nimekununia."

Akaanza mwenyewe, "Salamu Maria", nikaitikia huku machozi yananitoka.

Tangu hapo tulisali pamoja kila Jumamosi. Nilifurahi sana, na niliogopa sana atagundua.

Nikamsimulia Ba, nikamuuliza ni Shani au ni Maria aliyefanya kazi. Aliniuliza, "Na radhi yenyewe, ulimwomba?"

Sikuwa nimemwomba. Kila wiki nilisema nitamweleza, mpaka baba akafariki.

Juzi nimepanda isale kaburini kwake, nikasema kwa sauti, "Baba, nisamehe mibuni, nisamehe na rozari." Nilijiona mjinga, nikalia.

Nilichojifunza ni kwamba radhi iombwe kwa mdomo wako, mbele ya uliyemkosea, akiwa hai. Mengine yote bado sielewi.

Nisaidieni wakuu, wa kanisani, wa nyota, hata wasioamini chochote: baba alinisamehe mimi, au alimsamehe yule kijana ambaye yeye alidhani anasali rozari?