Maji Yaliyosikia Dawa

Katika maabara ile walimwita Bi Tone, kwa sababu mkono wake ulipima matone madogo kuliko machozi ya sisimizi na haukutetemeka. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kuchukua makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, kutoa humo vinasaba vya vijidudu, na kuvizidisha kwenye mashine hadi kipande kisichoonekana kionekane kama mkanda wa mwanga. Mkanda ukitokea, kijidudu hicho bado kinasikia dawa za kawaida. Usipotokea, kumeza vidonge hivyo ni kumpigia mbuzi gitaa.

Kando ya mirija ya wagonjwa huwekwa mmoja wa maji matupu. Wao huuita shahidi. Shahidi hana kijidudu, kwa hiyo hatakiwi kusema lolote. Akisema, ujue uchafu umeingia, na katika mirija yote hakuna wa kuaminiwa.

Safari hii, kati ya sampuli za utafiti ilikuwemo ya mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, fundi cherehani aliyekonda mpaka mashati aliyojishonea yakawa kama ya kuazima. Alimeza vidonge miezi na miezi, kikohozi hakikusogea, na daktari wa wodi akaanza kuogopa usugu wa dawa. Mwenyewe alikuwa akimtania Bi Tone: dada, hao wadudu wangu umeshawapiga picha? Wametoka vizuri? Maana yeye hata kwenye kitambulisho alitoka kama mwizi.

Asubuhi moja mkanda wake ukatokea. Bi Tone akasahau haya yake yote, akampigia mama simu: mtoto anasikia dawa, avumilie tu, atapona. Mama akalia kwa furaha. Mgonjwa alipoambiwa, akaomba aletewe futi yake ya kupimia.

Ndipo Bi Tone alipoirudia picha kuitazama yote, maana kwa furaha macho yake yalikuwa yameishia kwenye safu moja, ya mdogo wake. Mwisho kabisa, kwenye safu ya shahidi, palikuwa na mkanda. Hafifu, lakini upo.

Alijua ulikotoka. Koti la chumba cha mashine hunasa chembe za vinasaba vilivyozidishwa, kwa hiyo haliingii chumba cha kuchanganyia sampuli. Hiyo ndiyo sheria aliyomfundisha kila mgeni. Siku aliyochanganya sampuli hizo, wodi ilipiga simu kwamba mdogo wake anatema damu. Alitoka kwenye mashine mbio kuipokea, na alipokata simu akakaa kuchanganya, koti lile lile mwilini.

Profesa, mwenye utafiti, alikuwa anamalizia ripoti ya kuchapishwa. Aliitazama picha muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa amechoka, na sampuli zilikuwa zimekwisha. Alisema mkanda hafifu namna ile wengi wasingeuona, na picha ikipunguzwa kidogo pembeni hautakuwepo. Kisha akamkumbusha kwa upole kwamba na ndugu yake yumo.

"Ndiyo maana, Profesa," alisema Bi Tone. "Kwa matokeo haya hata maji yanasikia dawa. Tuyaandikie vidonge?"

Profesa akavua miwani, akajifikicha macho. "Andika basi. Picha nzima. Na koti."

Akaandika: maji yalitoa mkanda, uchafu unadhaniwa kuingia kwa njia hii, matokeo ya mirija yote yasitumike kumtibu mtu. Sentensi zilikuwa fupi, na kila moja ilikuwa kama kufumua nguo aliyokwisha kuvaa mdogo wake. Kisha akafunga barakoa, akaenda wodini.

Mdogo wake alikuwa amekaa kitandani, futi shingoni. Bi Tone akamwambia kwamba majibu yale yamefutwa.

"Kwa hiyo sisikii?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Pengine hivyo vidonge ni chaki tu kwako. Nahitaji makohozi mengine, ya ndani kabisa."

"Dada, mama ulishamwambia."

"Nilimwambia."

Hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Alivua futi, akachukua kikopo, akainama, akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akapumzika akishika ukingo wa kitanda. Akajaribu tena.

Bi Tone alikipokea kikopo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mlikuwa na mate tu, mepesi kama maji.

Akafungua kikopo kingine.