Niliandika "Watumishi"

Nimekosa, na sitamsingizia mtu. Mkitaka kunicheka, chekeni sasa hivi, maana nikimaliza hamtakuwa na hamu.

Mimi ni kijana wa Adelphi, mji mdogo wa jimbo la Maryland, Marekani. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi, na nina ugonjwa mmoja: nikikosea koma, hata chakula hakipiti. Mwaka jana jarida la chama chetu cha Waswahili liliniomba niandike maisha ya tajiri mmoja wa zamani wa hapa Maryland. Marekani ilipokuwa bado changa, yeye alikuwa na tanuri la kuyeyushia chuma, akitengeneza sufuria na misumari.

Habari zake nilipewa na jirani yangu, Bi Loretta, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili darasani. Babu wa babu yake, Isaac, alifanya kazi kwenye tanuri lile. Alikuwa mtumwa wa tajiri huyo. Bi Loretta aliniazima karatasi za familia yake, zimefungwa ndani ya foronya.

"Tafadhali, ndugu yangu, uandike kwa usahihi," aliniambia, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu.

Usahihi! Mimi! Ukurasa wa Isaac niliupiga taipu mara tisa.

Mwenyekiti wetu, mzee wa Pwani, aliposoma alikunja uso. "Mwanangu, 'watumwa' ya nini? Humu chamani kuna watu wa kila ukoo. Neno hilo litafukua mambo ya kwetu, nani alimmiliki babu wa nani. Andika 'watumishi'. Si herufi tu?"

Jamani, koma nilizihangaikia wiki nzima, na neno lile nikalibadilisha palepale! Nilitaka jina langu litoke jaridani. Sina sababu nyingine.

Jarida lilipotoka, Bi Loretta alilisoma akiwa amesimama mlangoni kwangu. Akauliza polepole, "Mtumishi akichoka, anaweza kuacha kazi?"

"Anaweza."

"Basi Isaac angekwenda wapi?"

Akaomba karatasi zake. Tangu siku ile, tukikutana kwenye lifti, ananisalimia kwa Kiingereza.

Nilimwendea mwenyekiti nikamwomba tuchapishe sahihisho.

"Utakiaibisha chama," akasema.

"Nimeshamwaibisha Isaac," nikamjibu.

Akanitoa kwenye jarida. Na anitoe!

Nilinunua kalamu ya wino mwekundu, nikaanza kupita mlango kwa mlango, Adelphi mpaka Silver Spring, nikisahihisha nakala moja moja. Mama mmoja Mkenya alinifungulia akiwa na mwiko mkononi.

"Ai! Wewe mwalimu wa kujifundisha, umekuja kusahihisha hata ugali wangu?"

"Ugali baadaye, mama. Jarida kwanza."

Alicheka, akalivuta kutoka chini ya sufuria. Limeungua pembeni, lakini sasa lina neno la kweli.

Mwenyekiti anatangaza kwamba najitafutia sifa. Aseme. Sifa nilizitafuta siku ile nilipomtii.

Bi Loretta bado ananisalimia kwa Kiingereza. Ni haki yake, wala sipiti hapa kuomba mnisaidie kumbembeleza.

Lakini wewe unayeandika maisha ya watu, sikia! Mtu akikuambia neno ni herufi tu, funika kalamu yako uondoke. Mimi nilibaki nimekaa.

Nakala nne bado sijazipata. Kama moja iko kwako, usiningoje. Kalamu unayo.