Mjomba wa Sehemu ya Kumi na Moja

Kwa miaka tisa, kila Jumamosi saa kumi na nusu jioni, mwanamke mmoja wa makamo amekuwa akiketi mbele ya televisheni yake kusoma majina. Katuni yenyewe haimshughulishi. Maneno yake anayajua, kwani kayaandika yeye. Anachongoja ni ile orodha ya mwisho inayopanda kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua: aliyetoa sauti hii, aliyetoa ile, fundi mitambo, msaidizi wa fundi mitambo, hata mlinzi wa getini, ambaye siku moja alikohoa karibu na kipaza sauti na wakubwa wakaona kikohozi kile kinafaa. Mahali pa tafsiri pameandikwa: “Tafsiri: Studio.” Studio ni vyumba vitatu juu ya duka la rangi. Haijawahi kutafsiri neno.

Kazini wanamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha Kiswahili sekondari miaka kumi na minane, mpaka alipochoka kusahihisha insha. Baada ya afya na amani, alichokitaka duniani ni jina lake kwenye orodha ile. Ameliomba mara nne. Mkurugenzi, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni asizoandikia, amemjibu mara nne kwamba nafasi kwenye skrini haitoshi. Mlinzi alitosha.

Balaa lilianza siku ya Jumanne, na lilikuja na neno moja.

Katuni ya mwaka huu inaitwa Binti Radi, nayo imenunuliwa ng’ambo. Shujaa wake ni msichana yatima anayeshika radi kwa mikono mitupu. Adui yake ni Jivu, bwana mwenye kinyago ambaye amekwisha kuangusha madaraja matatu na mnara wa saa. Sehemu ya kumi na moja inaisha pale Jivu anapovua kinyago na kumwambia msichana undugu wao. Wenye katuni wana neno moja tu la undugu huo, nalo linamtosha kaka wa baba, kaka wa mama, mume wa shangazi, na hata jirani mwenye gari. Mswahili hana anasa hiyo. Akisema mjomba, keshamtaja mama. Akisema baba mdogo, keshamtaja baba, na juu yake ametangaza nani alizaliwa kwanza.

Mwalimu akawaandikia wenye mali: huyu bwana ni wa upande wa mama au wa baba? Jibu lilikuja baada ya saa sita, la adabu kabisa: “Ndiyo.” Akaandika tena. Wakamjibu kwamba hiyo ni siri ya msimu wa pili, na wakamshukuru kwa kuelewa.

Asubuhi ya pili yake, sauti ya Jivu ilifika studioni ikiwa imevaa kandambili. Mwenye sauti hiyo ni mwalimu wa udereva, anaitwa Breki, na koo lake limekomaa kwa kazi: ukikaa miaka mingi kando ya watu wanaouona ukuta na kuongeza mwendo, utapata sauti ya kuangushia madaraja.

“Mimi,” alinguruma mbele ya kipaza sauti, “ni baba yako mdogo!”

Fundi mitambo alitoka nje kucheka.

“Mwalimu, dada’ngu,” alisema Breki, “mtu kavunja madaraja matatu. Leo anavua kinyago anasema yeye ni mdogo?”

“Mdogo wa baba yake. Si mdogo wa umbo.”

“Hayo waambie watazamaji, mimi nimeshakuelewa. Halafu wakisikia ‘baba yako’ tu, watapiga kelele, hiyo ‘mdogo’ hawaisikii tena.”

“Tuseme ‘amu’?”

“Nusu yao watadhani ndilo jina lake.”

Mwalimu aliitazama picha tena, polepole. Mdomo wa Jivu ulifumba palepale panapotakiwa m, ukafumba tena palepale panapotakiwa b, kama vile mchoraji alikuwa akifikiria kwa Kiswahili. Mimi ni mjomba wako. Breki akaisema mara moja tu. Fundi mitambo, aliyekuwa amerudi, akaonyesha mkono wake jinsi vinyweleo vilivyosimama. Wakaenda kunywa chai, wakiwa wameridhika kama watu waliofanya kazi.

Ambalo Mwalimu, msahihishaji wa watu, hakulifanya ni kufungua faili la sehemu ya tatu. Angelifungua, angekuta mama wa Binti Radi yuko kitandani, anakata roho, anamwambia mwanawe: “Mimi nilizaliwa peke yangu, mwanangu, sina kaka wala dada. Ndugu yangu ni wewe.” Sentensi hiyo aliiandika Mwalimu mwenyewe. Hata machozi yalimlengalenga.

Yeye aliisahau. Mashabiki hawakuisahau. Shabiki anaweza kusahau siku aliyozaliwa mkewe, lakini dakika ya kumi na nne ya sehemu ya tatu atakwenda nayo kaburini. Jumamosi hiyo katuni iliisha saa kumi na nusu. Kabla ya saa kumi na moja, Kikosi cha Radi, kundi la mtandaoni la watu elfu arobaini ambao kwa maelezo yao wenyewe wengi wao wana kazi, lilikuwa linawaka.

“Mama HANA KAKA. Huyu mjomba katoka wapi, dukani?”

“Mjomba gani anampiga mpwa wake radi ya kichwa? Wangu mimi hata kunikunjia uso hawezi.”

“Baba mdogo ndiye angempiga, tena angemwambia ni kwa faida yake.”

“Tulieni. Bibi alikuwa na siri zake.”

Kauli hii ya mwisho ndiyo iliyozaa dini. Kijana mmoja anayesomea sheria aliandika kurasa nne kuthibitisha kuwa bibi mzaa mama, mtu ambaye hajaonekana katika katuni hata kivuli, alizaa nje, akamficha mtoto, na mtoto ndiye Jivu. Walioamini hivyo wakajiita Wanamjomba. Walioshikilia kwamba mama hawezi kudanganya huku roho inatoka wakajiita Wapweke. Kundi la tatu, la watu kama saba, liliuliza kama huenda mtafsiri amekosea. Hao walitukanwa na pande zote mbili. Kisha pande zote mbili zikatafakari, zikaona ni kweli kuna mtu wa kutukanwa, na kwa mara ya kwanza jioni ile Kikosi kikawa kitu kimoja.

“Mtafsiri arudi shule!” waliandika, na wengine mia nane wakaunga mkono. Mwalimu aliyasoma yote akiwa ameshika kikombe kilichopoa. Ubaya wa matusi yale ni kwamba sarufi yake ilikuwa mbovu lakini hoja yake ilikuwa sahihi. Alifungua faili la sehemu ya tatu, akaisoma sentensi yake, akalifunga.

Jumapili alikwenda kula kwa kaka yake, kama ada. Binti wa kaka alimpokea mlangoni.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba.”

“Shangazi, nakupenda, unajua. Ila jana ulituua.”

Binti huyu ni mmoja wa wasimamizi wa Kikosi cha Radi. Siri ya kazi ya shangazi yake ameitunza vizuri.

“Umewaambia kuwa ni mimi?”

“Niwaambie, nivuliwe usimamizi?”

Kaka mtu alikuwa mezani anatafuta chumvi. “Kwani bado ile kazi ya katuni?” aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia kikohozi kisichopona. Swali hilo ameliuliza kwa miaka tisa, na hajawahi kungoja jibu.

“Baba, ebu tusaidie,” alisema binti. “Ungetaka kumwambia mtu kuwa wewe na baba yake ni ndugu, bila kusema nani mkubwa nani mdogo, ungesemaje?”

“Mimi na baba yake?” Mdomo ulikuwa umejaa. “Toka nitoke. Kwani kuna shida gani?”

Mwalimu akaweka kijiko chini. Mimi na baba yako, toka nitoke. Tumbo moja, mlango mmoja, na umri haumhusu mtu. Mwalimu wa Kiswahili wa miaka kumi na minane alikuwa amepewa jibu na mtu anayetafuta chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa mbele yake.

Jumatatu Mkurugenzi alimwita. Alikuwa amepanga kalamu zake tatu mezani.

“Mwalimu, nina habari njema. Tumepata nafasi kwenye skrini.”

“Nafasi ya nini?”

“Ya jina lako. Unajua, kituo cha televisheni kinauliza, watu wanauliza. Watazamaji wana haki ya kujua nani hasa… nani anahusika.”

“Miaka tisa haikutosha.”

“Tumepunguza ukubwa wa herufi.”

Mwalimu alivuta kiti, akaketi. Njia zilikuwa mbili, na zote alizielewa. Akikataa, ataendelea kuwa Studio, na Studio haina uso wa kutemewa mate. Akikubali, kile alichokiomba mara nne atapewa siku ambayo kimegeuka bango la mwizi.

“Litawekwa sehemu ya kumi na moja tu?” aliuliza.

“Hiyo ndiyo yenye malalamiko.”

“Basi liwekwe zote, kuanzia ya kwanza.”

Mkurugenzi alishika kalamu moja kwa mshtuko. “Zote? Mwalimu, sasa hivi lawama ni moja. Ukiweka zote, watakwenda kuchimba.”

“Waende. Ukiamua kunianika, mkurugenzi, nianike vizuri. Kuna sehemu kumi ambazo hawajanitukana, na zile pia ni zangu. Na Breki aitwe, ile sentensi tuirudie kabla ya marudio.”

“Na samahani? Nilikuwa nimeandika kitu hapa, ‘Uongozi unasikitishwa…’”

“Samahani nitaandika mwenyewe. Maneno ndiyo kazi niliyoajiriwa.”

Aliandika mistari mitatu. Sentensi ya sehemu ya tatu niliitafsiri mimi, na nikaisahau mimi. Mama hakudanganya. Jivu ni ndugu wa baba. Akatia majina yake yote.

Kikosi kilitaharuki. Mtandao una utaratibu wa kumshughulikia anayebisha na anayefuta. Anayekubali kosa hana fomu yake. Wapweke walisherehekea siku mbili. Wanamjomba walivaa msiba, maana walikuwa wamekwisha kumchora bibi, wamempa hata bangili. Kijana wa sheria akatangaza kwamba samahani yenyewe ndiyo ushahidi kuwa kuna jambo linafichwa, na watu elfu mbili wakatia saini kudai mjomba wao arudishwe. Wengine wakaenda kuchimba, kama alivyotabiri Mkurugenzi. Walirudi na wifi mmoja aliyestahili kuwa shemeji katika sehemu ya sita, jambo ambalo Mwalimu alilikagua, akakuta ni kweli. Mmoja wao alirudi kimya, akaandika tu kuwa yale maneno ya mama kitandani, “ndugu yangu ni wewe,” aliyasikia wiki aliyomzika mama yake, na alikuwa hajui yameandikwa na nani. Hakuna aliyemjibu, walikuwa kwenye wifi.

Jumamosi iliyofuata, sehemu ya kumi na moja ilirudiwa. Kaka mtu alitokea kwa dada yake saa tisa na nusu, akidai kwamba alikuwa anapita tu, ingawa mtaa ule unaishia ukutani. Akakaa. Jivu akavua kinyago. “Mimi na baba yako,” alinguruma Breki, “toka nitoke!” Kaka mtu akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia jambo la kawaida likisemwa sawasawa.

Orodha ikaanza kupanda. Sauti hii, sauti ile, fundi, msaidizi, mlinzi. Kisha, kwa herufi ndogo kweli kweli, majina matatu ya Mwalimu, yakikaa kwa muda usiozidi pumzi mbili. La mwisho lilikuwa la baba yao, fundi kufuli, ambaye alipokuwa hai jina lake liliandikwa kwenye vyeti vya shule vya watoto wake, basi, kwingine popote hakuna.

“Hilo ni jina la baba,” alisema kaka mtu.

“Ndilo.”

“Kwa hiyo wakikutukana, wanamtukana na yeye?”

“Kidogo. Yeye yuko wa mwisho, wengi hawafiki.”

Tangazo la sabuni likapita, likafuata la magodoro. Kaka mtu hakuondoa macho kwenye skrini.

“Watairudia lini?”

“Kesho, saa nne asubuhi.”

Akatoa simu, akaanza kuwapigia ndugu mmoja baada ya mwingine. Dada yake alikuwa jikoni anabandika chai, na kutoka huko alimsikia akifoka: “Achana na katuni, katuni ni ya watoto! Wewe ngoja ikishaisha, kaa karibu, na uvae miwani.”