Mwaka Ilipoanguka Troya na Mwaka Alipoondoka Baba

Mhariri alinipigia simu nikiwa dukani Mlowo, nanunua betri za redio ya mama. Hata salamu yake ilikuwa ya haraka. Alitaka kujua mji wa Troya ulianguka mwaka gani.

"Inategemea unamuuliza nani," nikamjibu.

"Mwalimu, watoto wa sekondari hawataki inategemea. Wanataka mwaka mmoja."

Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa kiherehere changu mwenyewe nilikuwa nimekubali kuandika kitabu kidogo cha Kiswahili kuhusu Ugiriki ya kale. Sura zote zilikuwa tayari. Lililobaki ni jedwali la miaka, kurasa mbili za mwisho, na hilo ndilo lililonitoa jasho likizo nzima. Michezo ya kwanza ya Olimpia haikunisumbua, kwa sababu karibu wote wanaiweka mwaka 776 kabla ya Kristo. Ukirudi nyuma ya hapo, unapapasa. Mtaalamu mmoja wa kale aliiweka Troya mwaka 1184. Wengine walichonga kwenye jiwe mwaka uliotangulia huo kwa miaka kama ishirini na mitano, na mwingine akairudisha nyuma zaidi. Wote walikuwa na uhakika, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo.

Nilichokipenda ni namna walivyohesabu. Hawakuwa na kalenda moja. Kule Athene mwaka uliitwa kwa jina la kiongozi aliyekuwa zamu. Watu wa Argosi walihesabu kwa makuhani wa kike wa hekalu lao, kwamba jambo fulani lilitokea mwaka wa kumi wa kuhani fulani. Orodha zilipowaishia walihesabu vizazi, vitatu kwa kila miaka mia, wakarudi nyuma mpaka wakawafikia watu waliosemekana kuwa watoto wa miungu. Nao waliwaandika kwenye orodha ileile ya wafalme waliokuwa na makaburi, bila aibu yoyote.

Nilitaka mfano wa kumfanya mtoto wa Vwawa aelewe jambo hilo. Nikamfikiria mama.

Mama anaishi kwenye shamba letu la kahawa karibu na Mbozi Misheni, na sijawahi kumsikia akitaja mwaka kwa tarakimu. Kwake kila kitu kilitokea wakati wa mchungaji fulani. Nilimkuta asubuhi, baridi ya huku kwetu ikiwa bado inauma, amekaa mkekani kwenye kijua anachambua kahawa kwenye ungo. Nikamwekea betri kwenye redio, nikakaa, nikamweleza shida yangu.

"Wayunani?" akauliza. Anawajua kwa jina hilo, la kwenye Biblia. "Wasomi wale, nao walikuwa hawajui miaka?"

"Walikuwa wanahesabu kama wewe, mama."

"Basi walikuwa na akili."

Akaanza kupanga punje za kahawa kwenye mkeka, moja moja, kila punje mchungaji wake. Huyu ndiye aliyembatiza yeye. Huyu ndiye aliyewafundisha vijana tarumbeta. Huyu mrefu, aliyekuwa akiinama kwenye kila mlango. Huyu aliyepanda mikaratusi. Nikawa naandika kwenye daftari, nafurahi kama mtoto aliyepewa andazi.

Lakini orodha ya namna hiyo inaelea tu mpaka upate pahali inapogusana na kitu ambacho mwaka wake unajulikana. Sisi wa mkoa huu tuna reli. Wachina walipita hapa wakichimba na kutandaza, na miaka ya kazi yao imo vitabuni. Tena nilikuwa na cheti changu cha ubatizo. Vitu viwili hivyo vilinitosha.

Hapa niseme ukweli. Wagiriki walikuwa kisingizio changu. Swali nililokwenda nalo lilikuwa la baba.

Baba alikwenda kufanya kazi migodini Zambia na hakurudi. Hakukuja barua, hakukuja mtu wa kusema amemzika. Mama aliniambia tu kwamba aliondoka nikiwa mdogo, akageuzia maneno kwenye magadi au kuni. Picha yake sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mabega. Nakumbuka nimekaa juu ya mabega ya mwanamume, nimeshika nywele zake, koti lake zito linanuka tumbaku, na chini yetu treni inapita. Ananiambia, "Hesabu mabehewa." Sauti yake ninayo mpaka leo. Nikienda Tunduma nikawaona wazee wanavuka mpaka kutoka Zambia na mizigo yao, nawatazama mabegani. Nina miaka hamsini na zaidi, na bado nawatazama.

Nilitaka kujua siku ile nilikuwa na umri gani. Nilitaka kuwa na tarehe moja ya kusema, hapa nilikuwa na baba.

"Na baba aliondoka wakati wa nani?" nikauliza, macho kwenye daftari.

Mama akaweka kidole katikati ya punje mbili. "Hapa. Yule mrefu alikuwa anafunga mizigo yake ahame. Wachina walikuwa wameshafika, wamepiga mahema yao, wanachimba udongo. Reli yenyewe tulikuwa hatujaiona."

Nikaandika. Halafu mkono ukasimama. Cheti changu cha ubatizo kimetiwa saini na yule wa mikaratusi.

"Mama, mimi nilikuwa nimezaliwa?"

"Nilikuwa na mimba yako ya miezi minne."

"Si uliniambia aliondoka nikiwa mdogo?"

"Kwani mimba ya miezi minne ni kubwa?"

Nimesahihisha mitihani ya historia miaka mingi. Mwanafunzi akiweka kitu mahali ambapo wakati wake haujafika, nakata kwa kalamu nyekundu bila huruma. Na mimi maisha yangu yote nimekuwa na treni inayopita kwenye mwaka usio na reli. Nikamweleza mama habari ya mabega, koti na mabehewa. Sikuwahi kumweleza mtu. Mikono yake ikatulia juu ya ungo.

"Huyo alikuwa mjomba wako," akasema. "Ulikuwa unawafuata wanaume barabarani, unawaita baba. Mtu hujui hata anatoka wapi, unamshika suruali. Nilikuwa naona aibu, tena nakuonea huruma. Nikampa kaka yangu koti aliloacha baba yako. Nikamwambia, mpeleke mtoto akaone treni, usimwambie kitu. Siku ile moja tu. Uliporudi, ukaacha kuwafuata."

Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia mama yangu mzee. Halafu nikamkumbuka mjomba, na hasira ikakosa pa kukaa. Mjomba tulimzika miaka mingi iliyopita. Nilitupia udongo kama wengine, nikaaga mapema kwa sababu nilikuwa na madaftari ya wanafunzi yakinisubiri. Laiti ningejua ni sauti ya nani niliyokuwa naifukia. Nisingeondoka pale hata kama mvua ingenyesha.

Nikavuta daftari nikaanza kufuta. Nilikuwa nimeshaandika treni pembeni, na alama ya kuuliza.

"Unafuta nini?" mama akauliza.

"Baba," nikasema. "Hayupo popote kwenye orodha hii. Hata siku moja hayupo na mimi."

Alinitazama. Akaona, nadhani, jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona bado. Akausogeza ungo pembeni, akanishika mkono uliokuwa na kalamu.

"Mimi aliniacha wakati wa yule mrefu," akasema. "Nililia, nikamaliza. Wewe amekuacha leo, asubuhi hii, na mvi zako hizo. Andika na hiyo, mwanangu. Halafu ulie."