Ndorobo Kwenye Boksi la Kioo

Mimi ndiye niliyemshawishi baba. Alikuja kwangu Nsemulwa kutibiwa mgongo, akawa ananung'unika kutwa kucha kuhusu ng'ombe aliowaacha Kibaoni, nikachoka. Nikamwambia twende makumbusho, kuna chumba cha inzi.

“Inzi? Nyie watu wa mjini mna kazi kwelikweli.”

Lakini alikwenda. Inzi walikuwa wamechomwa pini, wamepangwa ndani ya maboksi ya kioo. Alipowafikia mbung'o, wale tunaowaita ndorobo, akacheka.

“Huyu namjua. Amenisumbulia ng'ombe huyu.”

Akamsimulia dada mhudumu alivyokuwa akifanya: ng'ombe akikonda tu, macho yakitoa machozi, siku hiyohiyo anamwita bwana mifugo, sindano. Alikuwa hasemi uongo. Hakuna ng'ombe aliyelala mgonjwa kwa baba yangu.

“Hongera, mzee,” dada akasema. “Ila hawa na watu wanawauma. Mtu anasinzia mchana, usiku halali, anaongea maneno hayaeleweki. Ndiyo malale. Akiwahishwa hospitali anapona.”

Nilitaka nimshike baba mkono tuondoke. Mama yangu, miezi yake ya mwisho nyumbani, alikuwa akilala pembeni ya jaruba la mpunga, jembe mkononi. Alilala ugali ukiungua. Sote tulimwita mvivu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilimmwagia maji usoni aamke apike, nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Baadaye tukaambiwa amekwenda kwao kupumzika. Alifia huko.

Baba aliuliza polepole, “Ya watu nayo, sindano yake ipo?”

“Ipo, mzee.”

“Tangu zamani?”

“Tangu zamani.”

Akavaa kofia yake, akatoka bila kumuaga. Nilimkuta amesimama nje juani. Nikamwambia hatukujua, baba, nani angejua. Nilisema hivyo kwa ajili yangu pia.

“Mama yako hakwenda kupumzika,” akasema, hanitazami. “Nilimrudisha mimi. Nilimwambia baba yake, chukua mvivu wako, nipe ng'ombe zangu za mahari.”

Hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

“Wakanirudishia zote,” akasema. “Nzima.”

Alikuwa analia, na alikuwa anangoja nimwambie neno. Sikumwambia. Aliondoka kwangu wiki iliyofuata, na mpaka leo sijamwambia.