Damu ya Shangazi

Daktari wa masikio alianza kuwa na hasira kabla hajajua kusoma. Mdogo wake, kitinda mimba, alizaliwa hasikii, na shangazi yao akawatangazia ndugu kuwa kosa ni la mama, eti alimjibu mkwewe vibaya akiwa mjamzito. "Mdomo wake umeziba masikio ya mtoto." Baba hakumtetea mkewe. Alifungasha, akaoa kwingine, akafia hukohuko.

Binti akasomea udaktari kwa shingo ngumu. Alipotaka kubobea kwenye masikio, bingwa aliyemfundisha alicheka. "Masikio hayaui mtu. Chagua moyo."

"Hayaui," alijibu, "lakini yanavunja nyumba."

Akajichimbia maabarani, akichunguza vinasaba vya familia zenye watoto viziwi. Vipimo vilivyokuwepo vilitengenezwa kwa damu za watu wa mabara mengine, kwa hiyo jibu likawa lilelile: sababu haijulikani. Akina mama walitoka wameinamisha vichwa, waume zao wakitazama pembeni. Jambo hilo lilimchoma. Alitafuta miaka na miaka hadi akaipata hitilafu yenyewe, ndogo kama herufi moja iliyokosewa. Mtoto huwa kiziwi akiirithi kwa wote wawili, mama na baba.

Akawapima na wa kwao. Shangazi alinyoosha mkono kwa majigambo. "Chukua, uone damu safi ilivyo." Majibu yalipotoka, akataka yasemwe palepale sebuleni, mbele ya wote.

"Mama anayo," daktari alisema. "Na wewe unayo, shangazi. Baba naye lazima alikuwa nayo, maana mtoto anayo mara mbili."

Shangazi alijitanda kanga upya. "Basi, hayo ni ya Mungu."

"Kwa mama yalikuwa ya mdomo wake! Leo yamefika kwako, yamekuwa ya Mungu?"

Kitinda mimba alipiga meza kwa kiganja. Alikuwa akiwasoma midomo muda wote. Akasema kwa mikono, macho yamemtoka: "Nyamazeni nyote wawili! Mnatafuta mwenye kosa, kwani mimi ni ajali?"

Shangazi aliondoka bila kuomba radhi, na mama hakumsindikiza hata mlangoni.

Hasira ya daktari haijapoa. Kwenye kliniki yake majibu hayapewi mama peke yake. Baba akijitia ana haraka, daktari husimama mlangoni.

"Kaa, baba. Hili ni lako pia."