Mazabodi ya Kunyanyuliwa

Taaka alitaka mazabodi, yaani bao kuu la kompyuta, ya bei nafuu itakayostahimili prosesa ikisukumwa kukimbia kupita kasi ya kiwandani. Katika duka la kompyuta za mitumba, Busia upande wa Kenya, akafumba macho, akanyanyua mbili, moja kila mkono. Yenye taa za madoido ilikuwa nyepesi kama sahani ya plastiki. Ile yenye sura mbaya ilikuwa nzito. Vidole vyake vikapapasa vyuma vinene vya kupozea sehemu ya umeme.

"Dada, unanunua kompyuta au mbuzi?" muuzaji akamtania.

Marehemu baba yake, Fabiano, alivusha abiria mpakani kwa baiskeli, na hakununua yoyote kabla ya kufumba macho na kuinyanyua kwa keria, kiti cha nyuma cha abiria. "Urembo haubebi mtu," alikuwa akisema.

"Nanunua baiskeli," Taaka akajibu, wala hakuharakisha kufumbua macho.